Ukurasa wa 41: kisa cha Mwalimu, kitabu cha lishe na sukari iliyoshuka

Kabla ya kuanza

Mwenye kisa ameruhusu kiandikwe, na rasimu aliisoma yeye kwanza, kalamu nyekundu mkononi. Jina, mtaa, kanisa na kliniki vimeondolewa, na tarehe zimesogezwa kidogo. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo anavyoitwa na kila mtu, kuanzia mama mboga wa plotini kwao hadi wauguzi wetu. Kitabu alichosoma sikitaji pia. Vya aina hiyo vimejaa kwenye turubai za wauza vitabu katikati ya jiji, na kilichompata kingeweza kumpata na chochote kati yake: mtu aliugua, akabadilisha chakula, akapata nafuu, akaandika.

Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki ya kisukari upande wa Eastlands, Nairobi. Katika kisa hiki nimo, na sehemu yangu si nzuri.

Usuli

Mwalimu ana miaka 62. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na sasa anaishi na binti yake na mjukuu aliye kidato cha pili. Kisukari cha aina ya pili amekaa nacho miaka tisa. Wakati kisa kinaanza alikuwa akimeza glibenklamaidi miligramu 5 asubuhi na jioni, metformini gramu moja asubuhi na jioni, zote mbili za kushusha sukari, na enalaprili miligramu 10 kwa ajili ya presha. Uzito kilo 84. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, kilikuwa asilimia 9.1, ilhali kwa wagonjwa wengi tunataka kiwe chini ya 7.

Hakuwa mgonjwa mkaidi. Hakukosa miadi hata mmoja, na dawa hakuruka. Kila baada ya miezi mitatu aliamka gizani, akapanga foleni, akamwona daktari kwa dakika chache, kisha akapita kwangu, nami nikampa karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa imetolewa nakala ya nakala hadi herufi zikafifia: punguza ugali, punguza mafuta, epuka sukari, kula mboga kwa wingi, fanya mazoezi. Baadaye alinieleza kwamba nyumbani alikuwa na sita za aina hiyo, na mjukuu alikuwa akifunikia madaftari nazo.

Mwaka uliotangulia, dada yake mkubwa, naye mgonjwa wa kisukari, alikatwa mguu chini ya goti. Miezi minne baadaye wakamzika. Mwalimu alirudi kutoka matangani akiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu kliniki, wala hakuna aliyemuuliza.

Kitabu alikipata jioni moja akielekea steji, kwenye turubai karibu na Tom Mboya Street. Muuzaji alitaka shilingi 500, wakaafikiana 350. Ni simulizi la mwanamke wa ng'ambo aliyeambiwa ana kisukari, akaogopa, akaanza kuuchunguza upya kila mlo wake, na mwaka ulipoisha sukari ilikuwa imerudi mahali pake. Mwalimu alikimaliza kwa siku mbili. Alianza upya akiwa na daftari.

Jikoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Mwalimu alipofanya kazi ambayo mimi sikuwahi kuifanya.

Mwandishi anakula vitu visivyopatikana soko la Muthurwa. Mwalimu alichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto chakula cha kitabu, kulia chakula chetu. Penye mboga ile ya Wazungu yenye majani yaliyojikunja aliandika sukuma wiki, na alipatia, maana hizo mbili ni ndugu wa mmea mmoja. Akaongeza managu, terere na kunde ili asichoke. Penye samaki wa bei mbaya aliandika omena. Penye wali wa koliflawa aliandika kabichi, ikatwe nyembamba kabisa. Unga wa lozi ulimsumbua. Alipeleka karanga posho mill, mwenye mashine akamfukuza kwa kelele kwamba mafuta yataziba jiwe, ikabidi atwange kwenye kinu. Zile beri za buluu aliziwekea alama ya kuuliza, na alama hiyo bado ipo.

Ugali na githeri havimo kitabuni kabisa, hivyo aliamua mwenyewe. Mahindi akayapanga upande mmoja na mkate. Githeri akairuhusu, ila iwe maharagwe yenye mahindi machache, si kinyume chake. Chapati zikaondoka, chai ikabaki bila sukari, nduma ikawa kipande kisichozidi kiganja.

Nilipoliona daftari lile baada ya yote kutokea nilitahayari. Kama mwanafunzi wangu wa mafunzo ya kazini angeniletea, ningempa alama za juu.

Kitabu kilikuwa na agizo moja zaidi: usile kitu mpaka saa sita mchana, na chakula cha jioni kiishe mapema. Mwalimu akalifuata. Kifungua kinywa kikawa chai ya rangi, na mlo wa mwisho saa kumi na moja jioni.

Dawa aliendelea nazo kama kawaida. Saa moja asubuhi, saa mbili usiku, kila siku, bila kukosa.

Wiki tatu

Kufikia siku ya tano alianza kutetemeka saa nne asubuhi. Siku nyingine jasho jembamba, kichwa kizito, hasira isiyo na sababu. Mjukuu alichapwa maneno kwa kijiko kilichoanguka. Haya yote Mwalimu aliyatarajia. Mwandishi alikuwa amesimulia kwamba naye katika majuma ya kwanza alitetemeka, akaumwa kichwa, akakosa nguvu, na kwamba huo ni mwili unaojizoeza kuishi bila wanga mwingi. Kwa hiyo kila alipotetemeka Mwalimu alifurahi. Aliandika daftarini: "Inafanya kazi."

Mashine ya kupimia sukari alikuwa nayo, lakini vijiti vyake ni ghali, hivyo alipima mara moja tu kwa siku, asubuhi kabla ya kula, kama tulivyomfundisha. Alipata 5.8 (milimoli kwa lita). Wiki iliyofuata 5.1. Halafu 4.6, akaiwekea alama mbili za vema. Miaka tisa hakuwahi kuona namba kama hizo. Saa nne asubuhi, wakati wa kutetemeka, hakuwahi kupima.

Siku ya 12 alikuja kliniki. Miadi yake ilikuwa imefika. Alikuwa amepungua kilo tatu. Muuguzi wa mizani alimpongeza kwa sauti ya kusikika foleni nzima. Nami nilimpongeza. Niliandika kilo 81 kwenye faili, nikachora mshale unaoshuka, nikasema, "Mwalimu, endelea hivyo hivyo." Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wake, kimefungwa kwa leso. Hakukitoa. Alinieleza baadaye: "Mwanangu, ninyi mkisikia mtu amesoma kitu mnabadilisha uso." Akapewa dawa zilezile, bahasha zilezile, zimeandikwa kwa bolpeni 1×2, yaani kimoja mara mbili kwa siku.

Siku ya 19 ilikuwa Jumapili. Alimeza dawa, akaenda kanisani na chai ya rangi tumboni. Ibada ikarefuka. Akiwa kwenye matatu kurudi, Jogoo Road, ulimi ulianza kuwa mzito, nauli ikamshinda kuhesabu. Makanga akamwambia dereva, "Huyu mathe amekunywa." Abiria wakacheka. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa kiti cha nyuma ambaye mumewe ana kisukari: aliona jasho, akashika mkono baridi, akanunua soda dirishani na kumnywesha taratibu. Dakika kama kumi na tano baadaye Mwalimu alikuwa akiomba radhi kwa gari zima.

Yule mama alimsindikiza hadi mlangoni na kumweleza binti kwamba sukari ilikuwa imeshuka. Binti alimsikia. Alimpa mama yake supu, akamlaza. Saa kumi na moja Mwalimu alikula mboga na mayai mawili. Saa mbili usiku binti akatazama bahasha, akaona ya jioni haijamezwa, akampelekea pamoja na glasi ya maji.

Saa nane usiku mjukuu alisikia mkoromo usio wa kawaida. Shuka lilikuwa limelowa. Aliita, akatikisa, bibi hakuamka.

Hospitalini

Walifika kwa teksi ya jirani. Sukari ilikuwa 1.9. Chini ya 3.9 tayari tunaita imeshuka, na chini ya 3 ni hatari. Wakamwekea glukosi kwenye mshipa, akafumbua macho baada ya dakika kumi, akauliza nani amefunga mlango wa nyumba. Kulipokaribia kucha alikuwa amekaa kitandani akitaka kwenda nyumbani, na binti, aliyetakiwa kazini saa mbili, alikuwa upande wake.

Daktari wa zamu, kijana, alikataa. Aliomba aonyeshwe dawa zote, akaiona glibenklamaidi, akasema mgonjwa haondoki. Saa tatu baada ya kuzinduka, sukari ilikuwa imerudi 2.7. Glukosi ikaanzishwa upya. Alilazwa hadi Jumanne. Vipimo vilionyesha pia kwamba figo zimeanza kulegea: uwezo wa kuchuja ulikuwa 52, wakati mwenye figo nzima hufikia 90 na zaidi.

Uamuzi na sababu zake

Jumatano walikuja kliniki, mama na binti, hawasemezani. Binti alikuwa amekificha kitabu ndani ya gunia la makaa. Alitaka tuseme mbele ya mama yake kwamba kitabu ni cha uongo, na kwamba kuanzia siku hiyo atakula kama watu wengine.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hiyo ya binti: arudi kwenye chakula cha zamani, dawa zibaki. Ilikuwa rahisi, na kwa muda mfupi ingezuia sukari kushuka tena. Ya pili: chakula kipya kibaki, dawa zibadilike. Daktari wetu hakuchukua muda. Alisema chakula cha Mwalimu kilikuwa bora kuliko cha mgonjwa yeyote aliyeonwa siku hiyo, na tukimrudisha kwenye sahani ya ugali ili glibenklamaidi ipate kazi ya kufanya, tutakuwa tunailisha dawa, si mgonjwa.

Glibenklamaidi ikaondolewa kabisa. Kupunguza dozi kwa nusu tulikuzungumzia, daktari akakukataa kwa sababu ya figo na umri. Metformini ilibaki, kwa kuwa yenyewe peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na kwa figo za kiwango kile bado inafaa. Presha ilikuwa imeshuka hadi 104/62, hivyo enalaprili ikapunguzwa kuwa miligramu 5. Tulikubaliana kwamba sukari ya asubuhi ikizidi 10 kwa wiki nzima, dawa nyingine itafikiriwa. Kliniki ilimpa vijiti vya kupimia mara nne kwa siku kwa wiki mbili, ikiwemo saa nne asubuhi. Kufunga hadi mchana nilimwomba asitishe kwa muda. Hakulalamika, alisema metformini kwenye tumbo tupu ilikuwa ikimsokota.

Binti nilikaa naye kando, maana kosa la kidonge cha jioni lilikuwa likimla. Hakuna aliyemweleza kwamba ukoo huo wa dawa unailazimisha kongosho kutoa insulini mgonjwa awe amekula au hajala, wala kwamba soda inapanda na kushuka upesi ilhali kidonge kinaendelea kwa saa 24 na zaidi, hasa figo zikiwa zimechoka. Tukafanya mazoezi: sukari ikishuka na mgonjwa ana fahamu, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300, ile yenye sukari ya kweli, subiri dakika 15, pima tena, ikipanda, mpe chakula cha kukaa tumboni. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na kama ni glibenklamaidi, hata akizinduka apelekwe tu.

Kitabu kilitolewa kwenye makaa. Nilimwomba Mwalimu tukisome pamoja, kwa penseli, na tulitumia vikao vitatu.

Ukurasa wa 41

Katika kikao cha pili ndipo tulipolikuta. Nusu ya sentensi, katikati ya aya inayohusu supu: daktari wa mwandishi alikuwa amemwondolea vidonge vya sukari wiki ile ile aliyoanza.

Mwalimu alikuwa ameisoma. Alikuwa ameipigia mstari, kwa wino mwekundu. Nikamuuliza aliielewaje. Akasema: "Nilielewa kwamba nami nikifika alipofika yeye, mtaniondolea."

Nilirudia ukurasa ule mara nyingi usiku huo. Mwandishi hakudanganya wala hakuficha. Lakini katika masimulizi ya kuugua, kuachishwa dawa kuna nafasi yake iliyozoeleka: ni taji la mwisho, pale msomaji anapovuta pumzi. Mwalimu alisoma kwa mazoea hayo. Aliliona taji, akaapa kulitafuta kwa bidii, na bidii ya mgonjwa mwema ni kumeza dawa zake zote hadi aambiwe vinginevyo. Kumbe halikuwa taji. Lilikuwa jambo la kwanza kufanywa, kabla ya kijiko cha kwanza cha supu, ili supu isimdhuru.

Uchambuzi

Kwamba chakula kinaweza kushusha sukari kiasi hicho si porojo za mwandishi mmoja. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uskoti na Tyneside, Uingereza, matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 2017, uliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Mwaka ulipoisha, asilimia 46 walikuwa na sukari ya chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote ya sukari. Miaka miwili, asilimia 36. Hizo ndizo namba zinazosambazwa. Kisichosambazwa ni kwamba dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza ya mlo, chini ya uangalizi, na zilikuwepo taratibu za kuzirudisha. Tena walichukuliwa watu wasiotumia insulini na ambao ugonjwa wao haujapita miaka sita. Mwalimu, na miaka yake tisa, asingeingia.

Masimulizi haya ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1863, William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London, alichapisha kwa gharama yake kijitabu cha jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kiligombaniwa. Alikiri waziwazi kwamba mlo ule alipewa na daktari wake, William Harvey, lakini watu walilishika jina la Banting. (Miongo kadhaa baadaye Banting mwingine, Frederick, alikuwa Toronto akigundua insulini pamoja na Charles Best, mwaka 1921. Kwangu mimi majina hayo mawili kukutana katika ugonjwa mmoja ni kichekesho cha historia.) Ninachotaka kusema ni kwamba wakati wa yule wa kwanza hapakuwa na dawa ya kushusha sukari duniani. Insulini ilikuja miaka ya 1920, na vidonge vya ukoo wa glibenklamaidi vikaja miaka ya 1950. Mtindo wa kuandika ushuhuda wa chakula ulikuwa umekwisha kukomaa: mtu, hofu, sahani, nafuu. Bahasha ya dawa haikuwa na kiti katika hadithi hiyo, na hadi leo huingizwa kwa nusu sentensi karibu na supu.

Kitabu kilifanikiwa pale tuliposhindwa miaka tisa, na sababu si siri. Kilikuwa na mtu mwenye hofu kama yake. Karatasi yangu ilisema "punguza ugali". Kitabu kilionyesha mtu akiwa amesimama mbele ya kabati saa mbili usiku, ana njaa, hajui apike nini, kisha kikaonyesha alichopika.

Hatari kubwa zaidi ya kitabu, kwa maoni yangu, haikuwa ukurasa wa 41. Ilikuwa ile sura iliyotabiri kutetemeka. Kwa mwandishi, aliyekwisha kuondolewa vidonge, kutetemeka kulikuwa adha ya kupita. Kwa Mwalimu kulikuwa king'ora, na kitabu kilikuwa kimemfundisha kukisikia kama wimbo. Tangu hapo nikimkuta mgonjwa anafuata mlo wowote wa kitabu, kabla ya kuuliza anakula nini namuuliza ameambiwa ategemee dalili gani.

Sasa makosa yetu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliopita miaka 60, na inataja gliklazaidi, dawa nyingine ya ukoo huohuo. Mwalimu alikuwa na 62. Alianzishiwa akiwa na 53, na siku aliyotimiza 60 hakuna aliyefungua faili kwa jicho hilo. Dawa hiyo ni nafuu, ipo, na alikuwa akiimeza vizuri. Mazoea yakafanya yaliyobaki. Bahasha nayo: 1×2. Haikusema "pamoja na chakula", haikusema "usipokula, usimeze". Mwalimu alitii kilichoandikwa.

Na siku ya 12. Kilo tatu ndani ya siku 12, kwa mtu ambaye kwa miaka tisa hakupungua hata moja, mwenye glibenklamaidi mfukoni. Hiyo haikuwa habari ya kupongeza kwanza. Ilikuwa ya kuuliza: umebadilisha nini? Swali moja. Lingekitoa kitabu kwenye leso, au lisingekitoa, kutegemea uso wangu. Binti alimlaumu mama yake kwa kuficha, nami nilimwambia kwamba wagonjwa hutuficha vitabu kama wanavyotuficha waganga, kwa sababu tumewazoesha kwamba jibu letu kwa vyote viwili ni lile lile.

Yaliyokwenda sawa yalitokana na watu watatu ambao hawakuwa kliniki kwetu: mama wa matatu, mjukuu aliyesikia mkoromo, na daktari wa zamu aliyekataa kumruhusu mgonjwa aliyeonekana mzima. Huyo wa tatu ndiye ninayemtumia kufundishia wauguzi, maana wa kwanza na wa pili hawafundishiki.

Uamuzi wa kubakiza kitabu bado unabishaniwa kliniki. Mwenzangu mmoja anaona tulibahatisha, na kwamba mgonjwa mwingine angechukua idhini yetu kama ruhusa ya kuacha dawa zote. Hoja yake nzito. Ndiyo maana Mwalimu alipewa orodha kwa maandishi, dawa moja moja, ipi imeondoka, ipi imebaki na kwa nini, na simu ya kupiga kabla ya kubadilisha chochote. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hatungempa hata nafasi ya mjadala huo: insulini yake hupimwa upya chakula kikibadilika, haiachwi.

Matokeo

Miezi sita baadaye ana kilo 75. HbA1c ni 6.7, kwa metformini peke yake. Figo zimesimama palepale. Haitwi amepona, na yeye mwenyewe humkosoa anayetumia neno hilo. Desemba alikwenda ushago, akakaribishwa kwa pilau na chapati siku nane mfululizo, sukari ikagonga 13. Alirudi na daftari lake bila kuficha namba hata moja, ikateremka ndani ya wiki tatu.

Kuna kilichopotea. Hapandi matatu peke yake. Usiku binti huamka kumgusa shingo kama ina jasho, ingawa kidonge kilichosababisha hakipo tena nyumbani.

Kliniki, fomu ya mapokezi imeongezwa mstari unaouliza mgonjwa anasoma au anasikiliza nini kuhusu chakula. Bahasha sasa huandikwa maneno. Kwenye mafaili tulikuta wengine waliopita 60 wakiwa kwenye glibenklamaidi. Wengi wamehamishwa, wachache wanasubiri, kwa sababu gliklazaidi huwaishia mfukoni kabla ya kuishia dukani. Karatasi yangu ya zamani nimeacha kuigawa. Mwalimu ameniandikia nyingine kwa mwandiko wa ubaoni, safu mbili, na nafasi ya beri za buluu ameiacha wazi kwa makusudi.

Kitabu chenyewe sijakiona tangu Machi. Kiko kwa rafiki yake wa kanisani, anayejidunga insulini. Mwalimu alikataa kumwazima hadi aje kliniki kwanza, na alikuja, Jumatatu, sindano na chupa vikiwa ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa, akauliza ni wapi anapotakiwa kusaini ili apewe kitabu.